Marafiki wasafiri wanataka tushuke Kalinzi kwa longibodi: niende nao?

Mjomba, shikamoo.

Mimi ni kijana wa miaka 23, mkazi wa Gungu hapa Kigoma, na riziki yangu inatokana na kirikuu cha kaka yangu, ambacho ninakiendesha kubeba mizigo kati ya mwalo wa Kibirizi na soko la Mwanga. Mwaka jana nilifahamiana na vijana wanne waliokuwa wakizunguka nchi za maziwa makuu na mbao zao ndefu za magurudumu, zile zinazoitwa longibodi. Wawili ni Wajerumani, mmoja Mfaransa na mmoja Mkenya wa Nakuru. Walikaa hapa wakisubiri usafiri wa ziwani, tukashibana kama watu tuliokua pamoja, na walipoondoka waliniachia ubao mmoja na kofia ngumu. Tangu hapo nimekuwa nikifanya mazoezi alfajiri kwenye miteremko mifupi ya mjini, kabla magari hayajawa mengi.

Sasa wamerudi. Wametokea Rwanda, wakapita Burundi na kuingilia Manyovu, na wakiwa ndani ya gari kuja mjini waliitazama barabara ile kwa macho ya watu wa mchezo huu: lami, kona zinazofuatana na mteremko mrefu. Tangu wafike hawazungumzi jambo jingine. Wamepanga kwamba Jumamosi alfajiri tupande kwa kirikuu hadi Kalinzi, kisha tushuke kwa ubao kuelekea Mwandiga, watu watano kwa mstari mmoja, gari likitufuata nyuma. Wanasema atakayetangulia ndiye atakayekuwa jicho letu: akiinua mkono, maana yake njia ni nyeupe na kila mmoja aachie mwendo. Mimi nimepangwa niwe wa nne, nifuate njia ya aliye mbele yangu.

Kuhusu uwezo wangu, ninaweza kupunguza mwendo kwa kuburuta mguu, na pia kwa kusimama wima na kutanua mikono ili kifua kipokee upepo. Kuserereka, yaani kuugeuza ubao mkingamo ili usimame, ninaweza kwa upande wa visigino, uzito ukiwa kwenye visigino, tena kwa mwendo mdogo. Kwa upande wa vidole bado. Mwendo ukizidi, ubao huanza kutikisika chini ya miguu yangu, nami huruka nikakimbia nao mpaka nisimame.

Lipo pia suala la gari. Kwa kuwa nitakuwa juu ya ubao, wamependekeza rafiki yangu mmoja aendeshe kirikuu. Kuendesha anajua, lakini hana leseni, na kaka yangu hajaambiwa lolote. Mdogo wangu wa miaka 15 naye amesikia mpango huu na analilia kwenda, kwa sababu kwenye miteremko ya mtaani ana wepesi kunishinda.

Mama hataki hata kulisikia jambo hili. Wageni ni waungwana na najua nikikataa hawatanidharau kwa maneno, lakini watashuka nikiwatazama, na baada ya wiki moja watakuwa wameondoka. Nishauri, mjomba: nishuke nao? Na nikikataa, niwaambie nini?

Mpwa wako,
Gungu, Kigoma

*

Marahaba, mpwa wangu.

Usishuke kutoka Kalinzi Jumamosi hiyo. Ninalisema mwanzoni ili usilazimike kulitafuta katikati ya maneno mengi. Silisemi kwa kuudharau mchezo wenu, kwa sababu ni mchezo mzuri wenye elimu yake, na barua yako inaonyesha kwamba umeanza kuipata. Ninalisema kwa sababu bado huwezi kusimama ndani ya umbali unaouona mbele yako, na katika barabara ambayo watu wengine wanaitumia, hicho ndicho kipimo ninachokikubali. Ujasiri, wepesi wa mwili na ubora wa ubao vyote vinafuata nyuma yake.

Tufanye hesabu kidogo. Mtu anayeteremka kwa kilomita 60 kwa saa anapita karibu mita 17 katika kila sekunde. Fuso linalopanda kutoka Mwandiga kwa kilomita 40 kwa saa linapita mita 11 kwa sekunde hiyo hiyo, kwa hiyo nyinyi wawili mnasogeleana kwa mita 28 kila sekunde. Ikiwa kona imefichwa na ukingo wa mlima au migomba, na unachoweza kuona mbele yako ni mita 50 tu, basi tangu ulione lile Fuso hadi mkutane hazitimii sekunde mbili. Ndani ya muda huo macho yako yanapaswa kulitambua, akili iamue, na mwili utende jambo ambalo kwa upande wa vidole hujajifunza. Kumbuka pia kwamba mwendo ukiongezeka mara mbili, umbali wa kusimama huongezeka mara nne kwa nguvu ile ile ya kuzuia, kwa hiyo yule kijana anayesimama vizuri kwa kilomita 30 kwenye mteremko wa mtaani hawezi kujipima kwa kipimo hicho anapofika 60.

Mguu unaoutegemea utakuangusha mapema zaidi ya unavyodhani. Katika mteremko wa asilimia 8, yaani barabara inayoshuka mita 8 kwa kila mita 100, sehemu kubwa ya nguvu ya mguu unaouburuta huishia kupambana na mteremko wenyewe, na kinachobaki kwa ajili ya kupunguza mwendo ni kidogo. Soli hupata moto na kulika, paja la mguu uliobaki juu ya ubao linachoka, na wakati wote huo umesimama kwa mguu mmoja. Kifua kilichotanuliwa husaidia kuzuia mwendo usipande, na ndiyo maana hata washindani huinuka kabla ya kona, lakini upepo hauwezi kukusimamisha.

Kinachosimamisha longibodi kwenye mlima ni kuserereka: kuugeuza ubao ukae mkingamo wa barabara ili magurudumu yasuguane na lami kwa ubavu. Anza na mserereko wa kuweka mkono chini, ule uliopewa jina la Cliff Coleman wa California, ambapo unachuchumaa, unagusa lami kwa glavu yenye kisahani cha plastiki ngumu kiganjani, kisha unaugeuza ubao kwa kukisukuma kisigino cha nyuma. Ukiumudu kwa upande wa visigino, ujifunze kwa upande wa vidole, na usiuhesabu kuwa umejua mpaka uweze kuufanya kwa kushtukizwa: rafiki akipiga filimbi wakati wowote, wewe usimame. Wageni wako wana thamani kubwa kwako hapa kuliko pale Kalinzi. Wiki hii waombe wakufundishe mserereko wa upande wa vidole, kwa sababu watu wa kukufundisha jambo hilo hawapiti Kigoma kila mwezi.

Kuhusu kutikisika kwa ubao, hilo lina sababu inayoeleweka. Mtu akiogopa huegemea nyuma, na uzito ukikaa nyuma, ekseli ya nyuma huanza kuongoza ubao badala ya kufuata, kisha kila anapojisahihisha anazidisha mtikisiko. Peleka uzito kwenye mguu wa mbele, legeza magoti, tazama mbali badala ya kutazama ncha ya ubao, na usijaribu kuburuta mguu wakati mtikisiko umeanza. Mkague pia ubao wenyewe. Bushi, zile pete zinazonepa za ekseli, zikiwa zimelika au laini mno kwa uzito wako, huongeza tatizo, na mbao nyingi za kuteremkia milima huwekwa ekseli ya nyuma yenye pembe ndogo kuliko ya mbele ili sehemu ya nyuma isiwe nyepesi kupinda. Waulize marafiki zako ubao waliokuachia ulitengenezwa kwa kazi gani, maana wapo wanaonunua longibodi ya kutembelea kwenye tambarare na kuipeleka mlimani. Kuruka na kukimbia, kama unavyofanya sasa, kunawezekana kwa mwendo ambao miguu ya binadamu inaweza kukimbia. Kwa kilomita 50 kwa saa hakuna miguu ya namna hiyo.

Sasa nizungumze kuhusu barabara, kwa sababu hapa ndipo nilipoona upungufu mkubwa katika mpango wa wageni wako. Wao waliiona kupitia dirisha la gari. Wewe unawajua watu wake. Alfajiri ya Jumamosi wanayoiona kuwa tulivu ndiyo saa ambayo ndizi za Kalinzi zinateremshwa kwenda sokoni, nyingine zikiwa juu ya baiskeli ambazo mwenyewe anazishikilia kwa mikono miwili kwa sababu mikungu imemzidi upana, naye hawezi kuhama upesi hata akikuona. Kuna akina mama wenye mizigo kichwani, kuna mbuzi, kuna bodaboda wanaokata kona, na kuna malori yaendayo Manyovu na Burundi ambayo dereva wake, akipanda na mzigo, huichukua kona kwa upana kadiri gari linavyohitaji. Dereva huyo amezoea kukadiria ukubwa na mwendo wa gari, pikipiki na baiskeli. Mtu aliyechuchumaa juu ya ubao hayumo katika mazoea yake, hana taa wala honi, na dereva atachelewa kumwelewa hata baada ya kumwona.

Mkono utakaoinuliwa na aliyetangulia hauwezi kuziba pengo hilo. Unaeleza jinsi kona ilivyokuwa wakati yeye alipoipita. Sekunde sita baadaye unapofika wewe wa nne, mbuzi ameingia barabarani, au mwenye baiskeli ameingia kutoka njia ya shambani. Tena kuna mpangilio wa njia yenyewe: mshindani hupata mwendo mzuri kwa kuanza kona upande mmoja wa barabara, kuigusa sehemu ya ndani na kutokea upande mwingine, na katika kona ya kulia hapa kwetu sehemu hiyo ya ndani ni upande wa wanaopanda. Ukimfuata aliye mbele yako bila kuwaza, kama ulivyoelekezwa, atakupeleka huko. Na wageni wako watatu wamekulia katika nchi ambazo magari hupita kulia. Wanajua kwa akili kwamba Tanzania tunapita kushoto, lakini mtu akishtuka mwili hutenda ulichozoea, na wakishtuka watakimbilia upande ambao lori linatokea.

Mashindano makubwa ya mchezo huu hufanyika kwenye barabara zilizofungwa. Kule Kozákov, katika Jamhuri ya Czech, na kwenye barabara ya Maryhill katika jimbo la Washington nchini Marekani, washindani wameteremka wakijua kwamba hakuna gari litakalopanda kuwakabili. Peter Connolly wa Uingereza alipofika kilomita 146.73 kwa saa katika jimbo la Québec, Kanada, mwaka 2017, alikuwa mtu aliyetumia miaka mingi katika mchezo huu. Ninataja mambo haya kwa sababu video zinazosambaa huonyesha mwendo na kona, huku maandalizi ya barabara yakiwa yamebaki nje ya picha, na kijana wa Gungu anaweza kudhani kwamba wale wa Ulaya wanajirusha tu mlimani.

Kufunga barabara ya Manyovu hamwezi kwa uamuzi wenu. Barabara hiyo iko chini ya TANROADS, wakala wa serikali wa barabara, na hakuna anayeweza kusimamisha magari isipokuwa kwa kibali na kwa kuwapo askari wa usalama barabarani. Rafiki akisimama kwenye kona na kuwapungia madereva bendera bila mamlaka yoyote, analeta hatari nyingine. Aidha, katika makazi ya watu hata gari lenye breki kamili linatakiwa lisizidi kilomita 50 kwa saa. Sioni kwa nini ubao usio na breki upewe ruhusa kubwa zaidi.

Kwa hiyo ninapendekeza mtafute mteremko mwingine, mfupi, ambao mtu akisimama juu anauona wote mpaka chini, na ambao mwisho wake barabara inakuwa tambarare au inaanza kupanda ili ubao ufe mwendo wenyewe. Pita kwa miguu kwanza, ukitazama mchanga uliosambaa kwenye lami, mashimo na mahali pa kutokea iwapo mambo yataharibika. Nendeni kwa mwenyekiti wa kijiji au wa mtaa kabla ya kufungua mabegi, mkajieleze ni akina nani na mnataka kufanya nini, kisha mkaulize kituo cha polisi kama mnaruhusiwa. Huu ni ustaarabu ambao wageni wako hawawezi kuufanya vizuri bila wewe, kwa sababu wewe ndiye unayejua namna ya kusalimia na nani wa kuanzia. Mkiruhusiwa, wekeni watu wawili wenye simu, mmoja juu na mmoja chini, na ateremke mtu mmoja kwa wakati. Watoto watajaa, nanyi mnalijua hilo. Mtu mmoja awe na kazi ya kuwaweka mbali na lami, wala asipewe kazi nyingine.

Angalieni hali ya hewa pia. Magurudumu ya poliurethani hushika vizuri kwenye lami kavu, lakini lami ikilowa, hata kwa umande wa alfajiri wa milimani, hupoteza mshiko ghafla na mserereko hautabiriki tena. Kati ya Juni na Septemba mna asubuhi nyingi kavu. Mvua zikishaanza, subirini jua likaushe barabara, na kama halikukausha, rudini nyumbani.

Kofia uliyoachiwa hukueleza ni ya namna gani. Inayofaa ni ile inayofunika uso mzima pamoja na kidevu, kwa sababu anayeanguka mbele anaweza kutua kwa taya. Kofia ya bodaboda inayofunika uso ni nzito, lakini ni bora kuliko kikofia kinachofunika utosi peke yake. Ongeza kinga za magoti, glavu za kuserereka na koti zito la ngozi, ambalo ukilitafuta kwenye mitumba hutalikosa. Mjue mapema kwamba hospitali ya rufaa ya mkoa, Maweni, iko mjini, na kwamba aliyevunjika mguu Kalinzi atapitishwa barabara nzima juu ya gari mlilokwenda nalo.

Gari hilo linanileta kwa kaka yako. Kumpa usukani mtu asiye na leseni, katika mteremko, akifuata watu watano wasio na chuma chochote kinachowakinga, ni jambo ambalo sitalizungumza mara mbili: hapana. Mmoja akianguka mbele ya kirikuu, gari la kusindikiza ndilo litakalompita juu. Lakini hata kama dereva angekuwa wewe mwenye leseni, kirikuu ni cha kaka yako na ndicho kinachowalisha, na likitokea jambo, atakayeitwa kituoni ni yeye. Wageni watakuwa wameshapanda boti.

Mdogo wako asiende, wala kwenye mteremko ule mfupi asiteremke siku hiyo. Wepesi wake ninauamini. Umri wa miaka 15 hauwezi kukubali hatari ya namna hii kwa niaba ya mzazi, na mama yenu amekwisha kusema. Mpe kazi ya filimbi wakati wa mazoezi yako ya kusimama, mtaani, na ujifunze mbele yake kwa utaratibu unaotaka yeye aufuate akifikia umri wako.

Ukizungumza na marafiki zako, usitafute visingizio vya ugonjwa au kazi. Waambie hivi: "Sijui kuserereka kwa upande wa vidole, na mimi ndiye nitakayebaki kuishi na watu wa barabara ile. Nataka mnifundishe wiki hii, na ninawaomba nanyi msishuke pale bila kibali." Wanaoujua mchezo huu watakuelewa upesi, kwa sababu miongoni mwao kumwambia mwenzako kwamba mteremko fulani umekuzidi ni jambo la kawaida na la heshima. Wakiendelea na mpango wao, usiwapeleke. Ni vigumu, ninafahamu. Mtu hapendi kumnyima mgeni usafiri, hasa mgeni aliyemwachia ubao. Lakini kuwapandisha Kalinzi ni kushiriki katika safari yote mpaka mwisho wake.

Anza na kaka yako leo jioni, kabla hujarudi kwa wageni. Mweleze kila kitu, pamoja na jambo la dereva asiye na leseni, kisha umwombe kirikuu kwa siku moja ya kuwapeleka kwenye mteremko mtakaoruhusiwa, wewe ukiwa dereva. Akikubali, mafuta walipe wao.